Kulala Sotik, Kufanya Kazi Kericho

Kutoka Sotik hadi mji wa Kericho ni kama kilomita 50 za lami, kupitia Kaplong, Kapkatet na Litein. Mkazi wa kijijini anayefanya kazi Kericho hana ugomvi na kilomita hizo. Kinachomtoa jasho ni kile kipande cha kutoka mlangoni kwake hadi kwenye lami.

Nyanda hizi hupata mvua karibu mwaka mzima, hasa alasiri, upepo wenye unyevu wa Ziwa Victoria unapopanda milima. Majani chai hushukuru, lakini viatu vya ofisini havikuumbiwa udongo mwekundu. Kwa hiyo karani, mwalimu na mhasibu hutoka alfajiri wakiwa wamevaa suti juu na gambuti chini, viatu vya kazi vikiwa mkononi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Kenya mwezi wa Agosti 2017, viatu hivyo husafirishwa katika mifuko ya kitambaa, na kitambaa hupitisha maji, kwa hiyo mara nyingi hufika vimelowa kana kwamba vilivaliwa tu.

Penye lami, gambuti huachwa dukani, chini ya kaunta. Zote ni nyeusi na karibu zote zina ukubwa mmoja. Jioni stima ikipotea, muuza duka hugawa kwa kupapasa, na si ajabu mtu kufika kwake akiwa na gambuti mbili za mguu wa kushoto, huku jirani wa ng'ambo ya mto akiwa na mbili za kulia. Wenye busara hufunga kamba ya katani kwenye gambuti zao. Wenzao huiga, na baada ya wiki moja gambuti zote zina kamba ya katani.

Anayekwepa matope hupanda bodaboda. Penye mlima pikipiki hukataa, abiria hushuka akasukuma, na wakifika juu hudaiwa nauli kamili.

Stejini Sotik, kondakta hutangaza kwamba nafasi imebaki moja. Sheria zilizoletwa na waziri John Michuki, ambazo zilianza kutekelezwa Februari 2004, ziliiwekea matatu ya kawaida kikomo cha abiria 14, na vichwa 13 kweli vinaonekana ndani. Mgeni huingia mbio. Akishakaa, vijana watano wa steji hushuka wakijinyoosha, na hesabu ya abiria huanza upya. Mwenyeji huwajua kwa sura. Huwaamkua "Chamgei" kupitia dirishani, kisha akangojea nje.

Kosa kubwa zaidi ni la usingizi. Bomet ilijitenga na Kericho ikawa wilaya mwaka 1992, na tangu 2013 ofisi za kaunti ziko mji wa Bomet, kwa hiyo wafanyakazi wengine hukata kona pale Kaplong. Gizani, magari ya pande zote mbili hufanana. Afisa wa Bomet aliyejikunyata na kusinzia huamshwa Kapkatet aongeze nauli, kisha hulipa nyingine ya kurudi.

Ndani ya gari kuna pia mursik, yale maziwa ya mgando, ya kupelekewa shangazi mjini, ndani ya kibuyu kilichozibwa kwa matumaini. Bampu moja la Litein hutosha. Ofisini Kericho hakuna anayeuliza ile harufu ya shati ni ya nini. Huulizwa kama imebaki.

Jioni ndiyo ngumu. Majani chai yaliyochumwa hayafai kulala shambani, kwa hiyo lori la kiwanda huzunguka vituo vya kununulia hata mvua ikinyesha, nalo hukwama katika njia ileile ya kwenda nyumbani. Kijiji kizima huwa nyuma yake kikisukuma. Mwenye suti hawezi kujitia haoni, kwa maana ndani ya lori kuna kilo za mama yake, tena mama mwenyewe amesimama pale na shuka kichwani, akimwita kwa jina la utotoni. Tairi likizunguka, suti hupata rangi mpya.

Hata hivyo wengi hawahami. Nyumba iliyo katika shamba la baba haina kodi, na maziwa hayanunuliwi. Anayefikiria kupanga huku aulize kwanza nyumba iko umbali gani kutoka lami, kisha arudi kuuliza tena mwezi wa Aprili.