Barua ya Wazi kwa Akademia ya Uswidi

Makanyagio,
Mpanda, Katavi.

Kwa Waheshimiwa Wajumbe 18,
Akademia ya Uswidi,
Stockholm.

YAH: OMBI LA KUENDELEA KUTUCHAGULIA VITABU VYA KUSOMA KWA KISWAHILI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Shikamooni. Taasisi yenu ilianzishwa mwaka 1786, wakati Mpanda haikuwa hata kituo cha treni, kwa hiyo shikamoo ni haki yenu.

Naandika kuwashukuru kwa kazi ambayo huenda hamjui kwamba mnaifanya. Nyinyi ndio kamati ya vitabu ya sisi wasomaji wa Mkoa wa Katavi. Hamkuteuliwa na mtu, hamsaini posho ya kikao, hamjapata kuwekewa korosho na maji ya chupa katika ukumbi wowote wa halmashauri, na bado kazi inakwenda. Wapo huku kwetu wenye mihuri na magari ambao wangejifunza kwenu.

Ushahidi ninao. Tarehe 7 Oktoba 2021 mlitangaza jina la Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948. Siku ile nchi nzima ilipata ndugu. Watu ambao hawajawahi kushika kitabu chake walibishana mpaka usiku kama ni wetu au ni wa Waingereza. Riwaya yake ya Paradise, iliyofika orodha fupi ya Tuzo ya Booker, ilikuwa imetoka mwaka 1994. Mwaka 2022, nyinyi mkiwa mmeshasema, ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Mfasiri ni Ida Hadjivayanis, anayefundisha SOAS kule London, na wachapaji ni Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam.

Sisemi mfasiri alikuwa amekaa anangoja ruhusa yenu. Kazi ya namna ile haipikwi kwa wiki mbili. Nasema sisi wengine, wenye bajeti, wenye rafu na wenye mitaala, ndio tulikuwa tumelala. Mwandishi kalelewa kwa Kiswahili, wahusika wake ni watu wa Kiswahili, msafara wanaoufuata unapita njia zilizoeneza Kiswahili, na kitabu kikakaa miaka 28 kinazungumza Kiingereza. Kijana Yusuf anachukuliwa rehani kwa deni la baba yake, anaingizwa kwenye msafara wa biashara kwenda bara, mpaka ziwani na ng'ambo ya ziwa. Hilo bara ndilo sisi. Ukitoka hapa Mpanda ukashuka Karema, utaoga katika Ziwa Tanganyika lilelile. Lakini mvuvi wa Karema aliyetaka kujua mwenzake wa pwani kawaandika vipi watu wa bara, ilimlazimu kwanza angoje Stockholm.

Nimejaribu kuelewa utaratibu wenu ili nisiwasumbue bure, na hapo nimekwama kidogo. Annie Ernaux mlimpa 2022, Jon Fosse 2023, Han Kang wa Korea Kusini 2024, László Krasznahorkai wa Hungaria 2025. Huku Mpanda hajashuka hata mmoja wao akizungumza Kiswahili. Kumbe tuzo peke yake haitoshi. Mshindi lazima awe na shangazi Unguja. Nawaomba basi, mkikaa tena, mzingatie sharti hilo. Mwaka 2018 mlipogombana wenyewe kwa wenyewe mkaahirisha tuzo, ulimwengu wa vitabu ulitikisika. Sisi hatukupata hasara yoyote.

Han Kang amenikaa moyoni, niseme kweli. Ana riwaya ya mwanamke anayeamka siku moja akakataa nyama, na ukoo mzima ukavurugika: mume, baba, shemeji, wote. Hebu fikirini kisa hicho kikisomwa Mpanda, mji ambao ukienda ukweni bila kula kilichochinjwa unaitiwa kikao. Mjadala ungeanza saa moja jioni, na saa nne bado kungekuwa na wazee wanaomtetea mume.

Hapa patatokea bwana mmoja mwenye suti awaambie kwamba Watanzania hawasomi, kwa hiyo msijisumbue. Msimsikilize. Mwaka 2011 TBC walionyesha tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake, kwa sauti za Kiswahili, na watu wakaifuata mpaka Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 akaitaja katika hotuba yake. Azam nao wakatuletea Sultan, ya Waturuki, na kina mama ambao hawajafika hata Tabora wakawa wataalamu wa fitina za kasri la Istanbul. Kabla ya hapo, kwenye vibanda umiza, akina Lufufu walikuwa wanatutafsiria filamu za kigeni papo hapo, mtu mmoja anasema sauti zote, jambazi, polisi na bibi harusi, na chumvi anaongeza ya kwake. Hadithi za dunia Mtanzania anazitaka. Anazitaka kwa lugha yake, kama Mturuki anavyozitaka kwa Kituruki. Kwenye runinga tumempa. Kwenye kitabu tumemwambia akasome Kiingereza kwanza.

Na hili la kusoma Kiingereza kwanza lina vituko vyake. Kwa miaka mingi wanafunzi wetu wa sekondari wamefundishwa Houseboy ya Ferdinand Oyono. Oyono ni wa Kamerun, aliandika kwa Kifaransa. Kijana wa Nsimbo anasoma tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha Kifaransa cha Mwafrika mwenzake, kamusi mkono wa kushoto, wakati tafsiri ya Kiswahili, Boi, ilichapwa miaka ya 1970. Wenzao wa kidato cha sita wamempata jirani yenu wa Norway, Henrik Ibsen, katika tamthilia ya daktari anayegundua kwamba maji ya mabafu ya tiba ya mji yana sumu, naye akaonekana adui wa watu kwa sababu wakubwa hawataki biashara iharibike. Kisa hicho hakihitaji maelezo katika mji wowote wa Tanzania. Kinachohitaji maelezo ni Kiingereza chake, na kipindi kinaisha mwalimu bado yuko kwenye msamiati.

Mkiuliza kama hatuwezi, jibu ni kwamba tuliweza tulipokuwa na njaa zaidi. Mwaka 1963 rais wa nchi changa, mwenye jeshi la kuunda na mipaka ya kulinda, alipata muda wa kumfasiri Shakespeare: Juliasi Kaizari, na mwaka 1969 Mabepari wa Venisi. Siku hizi mkurugenzi wa idara hana muda hata wa kusoma kitabu kilichokwisha kufasiriwa. Ana semina Morogoro. Fortunatus Kawegere alitupa Shamba la Wanyama mwaka 1967. S. S. Mushi akamleta Makbeth, kisha Mfalme Edipode kutoka kwa Wayunani. Clement Ndulute akamleta Okonkwo wa Achebe, Paul Sozigwa akatupa Wimbo wa Lawino, na Tanzania Publishing House wakachapa Viumbe Waliolaaniwa, yaani Fanon mzima kwa Kiswahili, katika nchi ambayo sukari ilikuwa ya foleni.

Mwaka 1979 Christon Mwakasaka akamfasiri Gogol: Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Naomba niketi hapa kidogo. Ni mji mdogo wa Urusi, viongozi wake wamesikia mkaguzi anakuja kwa siri, wakamkamata mpita njia asiye na hata nauli wakadhani ndiye, wakamlisha, wakamkopesha, wakamwahidi binti wa kuoa. Halmashauri yoyote iliyowahi kupaka chokaa mawe ya barabarani usiku wa kuamkia Mwenge ingeicheza tamthilia hiyo bila mazoezi. Ningependa kuiona jukwaani Mpanda, viti vya mbele vikiwa vya wageni waalikwa.

Orodha hiyo yote hamkuipa nyinyi baraka. Ngũgĩ wa Thiong'o mlimkawiza mpaka akafariki Mei 2025, lakini hapo sina kinyongo nanyi, maana riwaya zake za mwanzo Afrika Mashariki tulizifasiri wenyewe miaka ya 1970, bila kuuliza Ulaya inasemaje. Tatizo lilianza pale tulipoanza kuuliza.

Sasa ombi lenyewe. Kwa kuwa sharti la shangazi linatubana, naleta kwenu watu ambao shangazi zao wako Katavi.

Wa kwanza ni Petina Gappah wa Zimbabwe. Mwaka 2019 alitoa riwaya juu ya wale waliobeba maiti ya Livingstone kutoka Chitambo mpaka Bagamoyo, mwaka 1873 na 1874, wakipanda kupitia kusini-magharibi mwa nchi yetu hadi Unyanyembe. Vitabu vya zamani viliandika habari za maiti; yeye kaandika habari za wabebaji, na sehemu ya kwanza kamwachia mpishi, Halima, asimulie kwa ulimi wake mkali. Lugha ya msafara ule ilikuwa Kiswahili. Halima katika maisha yake aligombana kwa Kiswahili, akapika kwa Kiswahili, na leo anaweza kumtania msomaji wa London lakini si mjukuu wake wa Inyonga.

Wa pili si mtunzi wa riwaya, lakini mtaniwia radhi. Huyu kakaa kwetu. Mishamo ni makazi yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, kama Katumba kabla yake. Katikati ya miaka ya 1980 mwanaanthropolojia wa Kifini, Liisa Malkki, alikwenda Mishamo akasikiliza wakimbizi wakisimulia walikotoka, nani aliwatendea nini, na wao ni nani. Mwaka 1995 masimulizi hayo yakachapwa na Chuo Kikuu cha Chicago katika kitabu Purity and Exile, kinachosomeshwa vyuo vikuu vya mbali. Gurnah mlimsifu kwa kuandika majaliwa ya mkimbizi. Wakimbizi wa Mishamo walijisimulia wenyewe mapema, ila waliobaki Mishamo hawakupewa nakala. Watoto na wajukuu wao, wengi leo ni raia wa Tanzania wanaolima mpunga na tumbaku, wakitaka kujua babu alimwambia nini yule mgeni, inabidi wapate kwanza Kiingereza cha profesa.

Yuko pia Adrien Atiman. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akatekwa utotoni akauzwa, wamisionari wakamkomboa, akasomeshwa utabibu Malta, akaletwa Karema mwishoni mwa miaka ya 1880. Aliwatibu watu wa ziwa kwa zaidi ya miaka 60, hadi kufariki kwake mwaka 1956. Mtumwa wa Mali aliyekuwa tabibu wa Tanganyika, huyo ni riwaya iliyokuja na miguu yake. Maisha yake kwa kauli yake mwenyewe yalichapwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Kwa Kiingereza, bila shaka. Najua kanuni zenu haziruhusu kumtuza marehemu. Naomba tu mumtaje, hata kwa bahati mbaya, mahali penye waandishi wa habari.

Stanley mwacheni. Mwaka 1872 alichapa kitabu, na ndani yake anapita huku kwetu, Ukawendi na Ukonongo, akilia njaa. Huyo kasikika vya kutosha.

Mkikosa nafasi kabisa, basi azimeni mfano mmoja wa jirani yenu. Kule Uingereza kuna Tuzo ya Kimataifa ya Booker, ambayo fedha zake, pauni 50,000, hugawanywa nusu kwa mwandishi na nusu kwa mfasiri. Mwaka 2025 aliipata Banu Mushtaq, mama anayeandika hadithi fupi kwa Kikannada, lugha ya kusini mwa India, pamoja na mfasiri wake Deepa Bhasthi. Hadithi za wanawake wa Kiislamu, waume zao, wakwe zao na mashehe wa mtaa. Waliomaliza Doudou wakamaliza Sultan wangemaliza na hizo.

Sisi tunayo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayotolewa tarehe ya kuzaliwa kwake, 13 Aprili. Ni jambo jema, na nawapongeza walioianzisha. Hushindaniwa riwaya, ushairi, tamthilia na hadithi za watoto. Tafsiri haimo. Tuzo imepewa jina la mfasiri mashuhuri kuliko wote nchini, na yeye mwenyewe, angefufuka na mswada wa Juliasi Kaizari kwapani, angerudishwa mlangoni kwa kutokidhi vigezo.

Mkiamua kututumia vitabu moja kwa moja, njia ipo. Reli ya Kaliua hadi Mpanda ilijengwa enzi za Mwingereza kwa ajili ya kutoa madini ya risasi. Mgodi ulifungwa zamani, treni bado inakuja, na mabehewa ya kuingia Mpanda hayajawahi kulalamika kwamba yamejaa riwaya.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Msomaji wa Makanyagio.

Nakala:
Baraza la Kiswahili la Taifa – kwa taarifa.
Taasisi ya Elimu Tanzania – kwa taarifa.
Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania – kwa taarifa.
Lufufu – kwa utekelezaji.