Sifa za Kihariri Kisichokuwepo

Wa kumsifu vi wapo tele, na wa Emacs ndio hawaishi. Programu hizo mbili zilizaliwa mwaka 1976, na tangu hapo mashabiki wake wanatambiana kama Simba na Yanga. Mimi leo namsimamia wa tatu ambaye hana hata kikundi cha ushangiliaji: kihariri kisichokuwepo.

Utakikosa ndani ya kontena ya Debian, saa nane usiku, tovuti inatoa 502 na mwenye biashara anapiga simu kila baada ya dakika mbili. Kosa umeshaliona. Ndani ya default.conf ya nginx kuna bandari 8008 ambayo ilitakiwa iwe 8080. Tarakimu mbili tu zimepishana. Unaandika vi, na kontena inakujibu bila salamu: bash: vi: command not found. Nano, jibu lile lile. Unameza fahari yako unamwita ed, mzee aliyeandikwa na Ken Thompson kule Bell Labs mwaka 1969, yule ambaye ukimkosea hukujibu kwa alama ya kuuliza basi. Naye hayupo.

Wasio na shukrani hapo huanza kutukana. Lakini tazama fadhila zake. Hakili hata baiti moja ya diski. Hakijawahi kukutwa na tundu la usalama, wala hakijawahi kudai toleo jipya. Na katika ukoo mzima wa vihariri ndicho pekee ambacho hakuna mtu aliyewahi kushindwa kutoka. Kwa vi wapo waliozima kompyuta nzima ili wapate kwenda kulala.

Tena kinakutembeza mji. Unaandika command -v, kimya. Unachungulia PATH, iko sawa. Unapekua /usr/bin jina kwa jina, unakutana na programu ambazo hukujua kama umezaliwa nazo zama moja. Unasema basi, nitakisakinisha: apt-get install nano. Jibu: kifurushi hakionekani, kwa sababu orodha ya vifurushi ilifutwa picha ya kontena ilipokuwa inatengenezwa, ili iwe nyepesi. Kuirudisha kwa apt-get update kunataka njia ya kutoka kwenda intaneti, na msimamizi makini amekunyima. (Namsifu yeye pia, ila kwa sauti ya chini.)

Ndipo unapomkumbuka sed. Huyu ni mtoto wa ed kabisa, kama alivyo grep, ambaye hata jina lake limetokana na amri ya baba: g/re/p. Kwenye Debian watoto hawa wawili wana ajira ya kudumu. Vifurushi vyao vimepigwa muhuri wa ulazima, mfumo hausimami bila wao. Baba yao ndiye asiyepangiwa hata kitanda. Unaandika sed -i 's/8008/8080/', jina la faili, kisha nginx -s reload. Tovuti inarudi. Umehariri faili bila kulifungua, kazi ambayo mwenye nano asingeiwaza. Mwenzako aliyechagua njia ya cat na echo aliweka > moja badala ya mbili, na faili lake sasa lina mstari mmoja.

Asubuhi kontena inabadilishwa. Mpya inawashwa kutoka picha ile ile ya zamani, kwa hiyo marekebisho ya usiku yamekwenda na maji na 8008 imekaa mahali pake kama kawaida. Kikao cha uchunguzi kitaitishwa. Wewe utaulizwa kwa nini uligusa mashine ya kazi badala ya kurekebisha chanzo na kutengeneza picha mpya. Sed atatajwa kwenye historia ya amri, herufi kwa herufi. Mwenye ushahidi kamili kwamba hakuwa eneo la tukio atakuwa mmoja tu.