Ombi la Kusajili Shirika Lisilohesabu Watu

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kusimamia Mashirika ya Manufaa ya Umma,
Nairobi.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Naandika kwa niaba ya wazee wa baraza moja la Mji wa Kale, Mombasa, ambao, baada ya kushauriana kwa kirefu, tumeazimia kuanzisha shirika la kutetea haki. Usishtuke. Haki tunazokusudia kuzitetea ni za Serikali.

Tumeona inavyosumbuliwa. Hakupambazuki ila kuna mtu na karatasi zake mahakamani, anataka kujua fulani yuko wapi, mkataba fulani umeandikwa nini, risasi fulani imetoka katika bunduki ya nani. Raia ana watetezi tele, wenye mawakili na fulana za maandishi. Serikali, masikini, ina jeshi, polisi, Hazina na Mwanasheria Mkuu tu. Tukaona haifai kumtazama mnyonge akionewa.

Fomu yenu tumeijaza kadiri tulivyoweza. Palipotushinda, tumeeleza humu.

Jina la shirika tumeliacha wazi. Hatutaki kuwachosha. Mwaka 2013 Bodi iliyowatangulia ilimkatalia mwanasheria Eric Gitari kila jina aliloliomba kwa shirika la kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja, na kesi ya jina ikapanda kutoka Mahakama Kuu hadi ya Rufaa, kutoka ya Rufaa hadi ya Upeo. Bodi ilishindwa kote kutatu. Tarehe 24 Februari 2023 majaji watatu kati ya watano walisema uhuru wa kujumuika hauwaachi nje watu hao. Hukumu ile ilipingwa misikitini na makanisani kwa sauti moja, na sauti moja ya namna hiyo hatuisikii kila siku. Mimi nilichokitazama ni muda: miaka kumi na mahakama tatu kwa ajili ya maneno ya kuandikwa kwenye cheti. Kwa hiyo jina chagueni ninyi. Likiwapendeza, nasi limetupendeza.

Lengo tunalo moja tu: shirika letu halitahesabu watu.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndiyo roho ya ombi letu. Tumeyachunguza mashirika yaliyotutangulia, na tumeridhika kwamba kosa lao si siasa wala pesa za kigeni kama inavyotangazwa. Kosa lao ni daftari. Mtu akitoweka, wewe na mimi tunasema Mungu ndiye ajuaye. Wao wanaandika jina, tarehe, mahali, rangi ya gari lililomchukua, na jibu alilopewa mamake kituoni. Kisha wanajumlisha.

Haki Africa walijumlisha. Desemba 2016 walitoa ripoti ya visa 81 vya watu wa Pwani waliouawa au kupotezwa tangu 2012. Muhuri, shirika jingine la hapa Mombasa, walikuwa wamekwisha kuwatangulia: mwaka 2013, pamoja na wenzao wa Open Society, waliandika juu ya mwenendo wa kikosi cha polisi cha kupambana na ugaidi. Na Muhuri tabia hii ni yao ya zamani. Mwaka 2007 walikwenda Changamwe, wakaomba makaratasi ya miradi ya CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, wakawafundisha watu wa kawaida kuyasoma, kisha watu hao wakatoka na makaratasi mkononi kwenda kuitazama miradi yenyewe kama ipo. Wakati ule wengine tuliona ni mchezo. Hatukujua kwamba aliyezoea kuhesabu madarasa, ipo siku atahesabu maiti.

Serikali ilijaribu kuwatibu. Aprili 2015, siku chache baada ya magaidi kuua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, na nchi nzima ikiwa matangani, Inspekta Jenerali wa Polisi alichapisha orodha ya watu na taasisi 86 zilizoshukiwa kuhusiana na al-Shabaab. Zilikuwamo kampuni za hawala, na walikuwamo Muhuri na Haki Africa. Walipewa saa 24 kuonyesha kwa nini wasihesabiwe pamoja na magaidi. Akaunti zao zikafungwa. Mwezi haujaisha, maafisa wa Mamlaka ya Mapato, KRA, wakaingia ofisini mwao wakaondoka na diski za kompyuta na majalada. Mheshimiwa, kasi ile ilinitoa machozi. Katika nchi ambayo mtu hungoja kitambulisho mpaka akasahau alikiombea nini, hasa akiwa na jina la Kiislamu kama langu na babu aliyezaliwa Lamu, hapa kila idara ilifika kwa wakati.

Kilichochelewa ni ushahidi. Juni mwaka huohuo Mahakama Kuu hapa Mombasa ilitafuta kinachoyaunganisha mashirika yale na ugaidi, haikukiona. Novemba ikaamuru akaunti zifunguliwe. Miezi saba bila senti, mawakili na kesi juu, na walipofunguliwa walirudi kwenye daftari lao pale walipoliachia. Hata ripoti ile ya watu 81 niliyoitaja juu ilitoka mwaka mmoja baadaye. Na ubaya zaidi, nusu ya watu wa baraza letu hawakuwa wakijua ofisi ya Haki Africa iko mtaa gani. Gazeti Rasmi la Serikali ndilo lililowatangazia, tena bure.

Nisisahau jambo dogo la Malindi. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini wa mhubiri Paul Mackenzie, wengi wao wamekufa kwa njaa. Najua makanisa si idara yako. Nasema tu kwamba miongoni mwa waliowaarifu polisi walikuwa walewale Haki Africa, waliokuwa kwenye orodha. Dola yenye macho ya kuona shilingi ikiingia benki ya Mombasa haikuona makaburi yakichimbwa. Shirika letu likisajiliwa, aibu kama hiyo haitarudiwa, kwa sababu hakuna atakayekwenda msituni kutazama.

Tulikuwa na lengo la pili, kutunza kumbukumbu. Tukalifuta baada ya kukumbuka yaliyowapata Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, KHRC. Usiichanganye na ile Tume ya Taifa iliyo ya dola. Hii ni ya raia, ya tangu 1992, na nashuku kufanana kwa majina kumewahi kuwaponza wote wawili. Hawa KHRC walikwenda vijijini wakachukua maelezo ya wazee wa Mau Mau, waliopigwa na kuhasiwa katika kambi za Mwingereza. Kumbuka kwamba Mau Mau ilikuwa jumuiya haramu kwa amri ya mkoloni, na amri hiyo tuliirithi tukaitunza miaka 40 baada ya bendera kupandishwa, mpaka 2003. Marais wawili walizeeka wakihutubia sherehe za mashujaa huku mashujaa wenyewe wakiwa nje ya sheria.

KHRC, wakishirikiana na chama cha wakongwe wa Mau Mau na mawakili wa Leigh Day, walisimamia kesi iliyofunguliwa London mwaka 2009. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alisimama bungeni kwao akaeleza masikitiko ya Serikali yake, na walalamikaji 5,228 wakatengewa pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Mwaka 2015 mnara wa kumbukumbu ukazinduliwa Uhuru Park. Yote hayo yalitokana na watu kuketi na ajuza na shaibu mmoja mmoja, wakamwuliza alifanywa nini, wapi, na nani, wakaandika.

Bodi iliyowatangulia haikukosa kuwashukuru. Oktoba 2015 iliwatia katika orodha ya mashirika 957 ya kufutwa kwa madai ya hesabu za fedha. Waziri Anne Waiguru akaisimamisha amri hiyo siku chache baadaye. Bodi haikuvunjika moyo. Tarehe 14 Agosti 2017, siku sita baada ya uchaguzi mkuu, ikatangaza kuwafutia KHRC usajili. Kesho yake ikawageukia AfriCOG, shirika la kutetea utawala bora, kwamba wanafanya kazi bila kusajiliwa. Keshokutwa maafisa wa KRA na polisi walikuwa mlangoni pa AfriCOG, mpaka kaimu Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, alipoingilia kati na kusimamisha hatua hizo kwa siku 90. Mashirika yote mawili yalikuwa yakiuliza maswali juu ya uchaguzi ule. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Upeo ikaubatilisha uchaguzi wa rais. Zaidi ya hapo sisemi. Mwenye akili ya kujumlisha atajumlisha, na sisi tumekwisha kuandika kwamba hatujumlishi.

Wafadhili. Hatuna. Kunyamaza kuna gharama, lakini gharama yenyewe hulipwa na watu wengine.

Tunajua hata hivyo kwamba sehemu hii ya fomu husomwa kwa miwani miwili. Julai 2024, baada ya vijana kuandamana dhidi ya Mswada wa Fedha na kuingia Bunge tarehe 25 Juni, Rais William Ruto aliwanyooshea kidole Ford Foundation, na Wizara ya Mambo ya Nje ikawaandikia ikitaka maelezo ya pesa walizoyapa mashirika 16. Ford wakakana kugharamia maandamano. Mimi nina wajukuu, na niko tayari kula kiapo kwamba hakuna Mmarekani mwenye pesa za kumtoa kijana wa siku hizi kitandani saa kumi na mbili asubuhi. Walijitoa wenyewe. Walipopigwa risasi, walichangishana kwa M-Pesa kulipa hospitali na mazishi, na kila mchango una ujumbe wake wa simu wenye saa na dakika. Sijaona shirika lililowahi kuwasilisha hesabu safi kama zile.

Na baada ya hapo daftari likafunguliwa mahali ambapo hatukutarajia. Desemba mwaka huohuo Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, hii inayolipwa na Hazina, ikatangaza kwamba tangu Juni imeandika visa 82 vya watu kutekwa, na 29 kati yao walikuwa hawajaonekana. Chombo cha Serikali yenyewe, Mheshimiwa, kinahesabu watu. Tunaomba shirika letu lipewe ruhusa ya kwenda kuwanasihi.

Hesabu za fedha sasa, ambazo najua ndizo unazozipenda. Tumetafuta kielelezo cha kufuata tukakipata katika sheria inayokupa kiti ulichokalia. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilitiwa saini na Rais Mwai Kibaki Januari 2013. Ikawekwa. Ile ya 1990, ya enzi za Moi, ikaendelea kutumika na Bodi yake ikaendelea kufuta na kutishia kufuta. Oktoba 2016 Mahakama Kuu iliamuru sheria mpya ianze kufanya kazi ndani ya siku 14. Siku zikapita, mahakama ikaamuru tena 2017, nazo siku hizo zikapita. Ilianza tarehe 14 Mei 2024. Shirika likichelewesha ripoti yake ya mwaka huandikiwa barua ya kutisha. Sisi tunaomba tupimwe kwa kipimo cha Serikali yenyewe: hesabu zetu za 2025 mtaziona 2036, na mahakama ikituamuru kuzileta mapema tutaipokea amri hiyo kwa heshima tuliyofundishwa.

Kumbukumbu za vikao tutazihifadhi kama ulivyohifadhiwa mkataba wa reli ya SGR. Reli ile iliwaondolea madereva wa malori na wenye maghala wa hapa riziki yao, na waliotaka kusoma mkataba wake waliambiwa ni siri. Khelef Khalifa wa Muhuri na mwenzake walikwenda mahakamani, wakashinda Mei 2022, na Novemba, baada ya Serikali mpya kuingia, sehemu yake ikatolewa. Sisi hatutamshitaki mtu. Hata tukiletewa mkataba barazani tutaufungia vitumbua.

Eneo la kazi ni baraza, kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi. Wafanyakazi hatuajiri. Namba ya akaunti ya benki tumeiandika kwa wino mwekundu ukurasa wa kwanza, ili siku ya kuifunga msihangaike kuitafuta. Humo mna pesa za kahawa tu, na kama mtaweza kutuachia hizo tutashukuru.

KRA wakitaka kuja, wabishe hodi nyumba ya pili kutoka msikitini. Kompyuta ni moja, ya mjukuu wangu, na hawatapata taabu kuikagua: kitufe cha alama ya kuuliza tulikibandua kabla sijaanza kuandika barua hii.

Wako mtiifu,
Katibu wa muda,
Mji wa Kale, Mombasa.

Nakala: KRA, Inspekta Jenerali wa Polisi.