Mwongozo wa Kuwasaka Farasi Waliotoroka Corolla

Hongera, mdogo wangu. Umepata gari lako la kwanza: Corolla 110 ya mwaka 1997, rangi imechoka, bei imekubali mfuko. Sasa unataka likimbie. Niko upande wako, kwa sababu gari linaloitika ukilikanyaga ni raha asiyopaswa kunyimwa mtu kwa kuwa tu hana hela ya gari jipya.

Tuanze na hesabu. Injini ya 5A-FE, ya lita moja na nusu, ilitoka kiwandani Japani na nguvu za farasi wapatao 100, na gari lenyewe lina uzito wa takriban tani moja. Farasi hao wanatosha. Tatizo ni kwamba miaka, vumbi na mafundi wa njiani wamewatorosha wengi. Kabla hujanunua wapya, wasake wa kwako.

Hatua ya kwanza: ondoa mapambo na mizigo. Stika za miali ya moto, mkia wa plastiki juu ya buti na ekzosi pana havijawahi kuleta farasi hata mmoja. Kelele huwafikia trafiki na mama mwenye nyumba. Magurudumu hayapati kitu. Fungua buti, toa lile boksi la spika za besi, madumu na vyuma vya mwenye gari wa zamani. Kila kilo 10 unazoshusha ni kama asilimia moja ya uzito wa gari, na hulipi hata shilingi. Tairi la akiba, jeki na reflekta usiviguse.

Hatua ya pili: fungua plagi zote nne uzipange mezani kwa mpangilio wa silinda zake. Zitakusimulia kila kitu. Ncha yenye rangi ya kahawia iliyofifia ni nzima. Nyeusi yenye masizi makavu inasema petroli imezidi hewa, na huenda filta ya hewa imeziba. Iliyolowa oili inakupeleka kwenye ringi za pistoni au sili za valvu. Hapo mwambie fundi apime kompresheni ya kila silinda kabla hujatoa hela nyingine. Kisha weka plagi mpya, filta mpya, na oili ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Injini hii inakunywa lita kama tatu tu, haitakufilisi, kwa hiyo usikubali ile oili nzito ya kunyamazisha moshi. Moshi ni ushahidi, usiuzike.

Kama unaishi Mbeya au Nairobi, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, fahamu kwamba hewa huko ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu moja ya sita ya nguvu zake. Farasi hao wamebaki pwani. Usimgombeze fundi.

Hatua ya tatu: irudishe thamostati. Fundi wa mtaani atakwambia kwa fahari, "Bosi, tumeitoa, sasa haichemshi." Kifaa hicho kidogo hufunguka maji yakifika digrii kama 82. Kikitolewa, injini inachelewa kupata joto, kompyuta inadhani bado ni alfajiri na inaendelea kumimina petroli. Gari likichemsha, tafuta chanzo: rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, pampu ya maji, au maji ya bomba yaliyojaa kutu badala ya kulanti. Hapohapo ulizia mkanda wa taiming. Hubadilishwa kila kilomita kama 100,000, na namba inayosomeka kwenye dashibodi usiiamini. Wauzaji wengine huirudisha nyuma bila haya. Kama hakuna anayejua ulibadilishwa lini, ubadilishe.

Hatua ya nne, na hapa ninakusihi: jifunze kusimama. Kasi ikitoka kilomita 50 kwenda 100 kwa saa, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Weka pedi nzuri, pima unene wa diski, na badilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili, kwa sababu hunyonya unyevu, na unyevu ule ukichemka kwenye mteremko, pedali inazama hadi sakafuni.

Kisha piga magoti usome tairi. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: 1419 ni wiki ya 14 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nene linaweza kuwa kuukuu, limekauka, na mpira wake hauishiki tena lami yenye mvua. Tairi nne mpya za saizi sahihi zitaliongezea gari uhai kuliko rimu kubwa za kung'aa, ambazo ni nzito na zinaifanya injini isote kila taa zikiwaka kijani.

Na springi usizikate. Gari lililoshushwa kwa msumeno linagonga kila tuta, na tairi inayorukaruka haina breki wala kona. Hela hiyo nunulia shokapu na bushi. Utashangaa kona ulizokuwa ukiziogopa zimekuwa starehe.

Baada ya hayo yote, kama bado kasi inakuwasha, ipo injini ya 4A-GE yenye valvu 20, iliyofungwa kwenye ndugu za Corolla yako, Levin na Trueno: farasi 165, wanaofika wote injini ikizunguka mara 7,800 kwa dakika. Ni tamu kweli. Lakini inataka giaboksi yake, breki zake, na kadi ya gari irekebishwe, maana namba ya injini imeandikwa humo.

Hatua hizo ukizipanga kwa umuhimu, mpangilio ni huu: kwanza kusimama, pili kushika barabara, tatu kuipa injini afya, mwisho kuongeza nguvu. Anayeanzia mwisho huwa anajenga gari la kuwatisha wenzake. Wewe jenga gari ambalo mama yako atapanda kwenda Morogoro, alale njia nzima, na wewe ufike ukiwa umefurahia kila kona.