Sifa za Pendulamu

Wapo wanaomsifu simba. Mimi nasimama kuisifu pendulamu, kile kijiwe kinachoning'inia kwenye uzi, ambacho kimeula ujana wangu wote wa kufundisha fizikia katika shule ya kata.

Haigharimu kitu: uzi wa fundi cherehani na chubwi ya mvuvi vyatosha. Hailipuki kama mambo ya kemia, wala hainuki kama chura wa baiolojia. Lakini hayo madogo. Fahari yake ni utii.

Ipe uzi wa sentimita 100, ibembee mara 20: sekunde 40. Ufupishe hadi 25: sekunde 20. Hubembea hivyohivyo hata ikiwa haipo! Stendi imevunjika, uzi umeshonea daftari, chubwi imerudi baharini, na bado jibu la kipimo cha nguvu ya uvutano ni 9.8. Mtahiniwa hodari huanza na hiyo 9.8, akarudi kinyumenyume hadi kwenye sekunde, kisha akatia kasoro kidogo, nukta moja juu ya mstari na nyingine chini, ili grafu isitie shaka. Vijana huita kupika data, na wapo wanaopika wakiwa wamefumba macho. Ni chombo gani kingine cha sayansi kinachofanya kazi bila kuguswa?

Bahati mbaya, mwaka 1672 utii huu ulikuwa haujajulikana. Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika ya Kusini, mahali palipo karibu na ikweta kama ilivyo Tanga yetu. Saa ikachelewa dakika mbili na nusu hivi kwa siku. Maskini hakujua kupika. Akaandika alichokiona, na kwa ukaidi wake watu wakatambua kwamba nguvu ya uvutano hupungua kuelekea ikweta. Kwetu angefeli.

Angefeli kweli. Katika mtihani wa moku, binti mmoja alipima kwa mikono yake, uzi ukiteleza kwenye stendi iliyolegea. Akapata 9.3, akaandika 9.3. Wenzake ambao zamu ya stendi haikuwafikia wakaandika 9.8, wakazoa alama zote. Yeye akakatwa. "Mwalimu, kosa langu ni lipi?" Amjibu nani? Yule aliyetuletea stendi moja kwa darasa zima, tena wiki ya mtihani? Miaka minne mtoto anaambiwa sayansi ni kupima, na siku ya kupima anaadhibiwa kwa kupima!

Tuendelee kusifu. Maabara tunazo. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila shule ya kata iwe na maabara tatu. Kijijini kwetu wazazi wakachangishwa, waliochelewa wakafuatwa na mgambo, majengo yakasimama. Ya fizikia ina bati zuri na mlango imara. Ndani mna mahindi ya uji na madawati mabovu.

Mdhibiti ubora alipokuja, ufunguo haukuonekana. Akachungulia dirishani, akatia tiki: maabara, ipo. Kwenye safu ya vifaa akamgeukia mkuu wa shule, "Niweke asilimia ngapi, mkuu?"

Mkuu akatafakari kidogo. "Tisini na nane hivi. Mia itatia shaka."