Injini Ipo, Cheche Hakuna: Mwongozo kwa Wenye Haraka wa Ilford

Ukishafunga injini nyingine kwenye gari kuukuu na gari likagoma kuwaka, usinunue kitu. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza, na ndiyo inayovunjwa mapema kuliko zote, maana mwenye gari lililogoma huona aibu, na mwenye aibu hununua koili. Kesho yake ananunua plagi nne. Keshokutwa anabadili kifuniko cha distribyuta na nyaya zake zote, na gari bado liko kimya mbele ya nyumba, bonati wazi, mtaa mzima ukijua.

Na mitaa ya Ilford, mashariki mwa London, inajua mengi. Fungua bonati Jumamosi asubuhi kwenye mtaa wowote kando ya Ilford Lane, na kabla hujashika spana utakuwa umeshapata kamati. Yupo mzee aliyeendesha Peugeot 504 kutoka Mombasa hadi Kampala. Yeye anashuku kabureta. Yupo kijana wa teksi anayesema tatizo ni kompyuta, na gari lenyewe ni la 1978. Wape heshima yao, "Shikamoo mzee, nimekusikia," kisha wape kazi. Mmoja ashike tochi, mwingine apige stata ukimwambia. Mtu aliyeshika tochi hupunguza nadharia. Sheria ya Uingereza ya 2005 inakataza kufanya biashara ya kutengeneza magari barabarani. La kwako mwenyewe unaruhusiwa, mradi usiwaudhi majirani. Kwa hiyo majirani ni bora wawe wasaidizi kuliko walalamikaji.

Ninaposema gari kuukuu nina maana ya Ford Escort ya miaka ya 70, na sitaomba radhi kwa kulipenda. Mwaka 1972 Hannu Mikkola alishinda Safari Rally kwa Escort, akiwa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kufanya hivyo. Mwaka 1977 Björn Waldegård akashinda tena kwa Escort. Halafu Dagenham, ambako Ford walifungua kiwanda 1931 na kuendelea kuunda magari hadi 2002, ni jirani kabisa na Ilford. Gari lenye historia ya pande zote mbili, Afrika Mashariki na huku, halistahili kupelekwa skrepa kwa sababu ya waya mmoja.

Sasa sikiliza. Injini uliyofunga ilikuwa inawaka ilikotoka. Gari nalo lilikuwa linawaka kabla hujalishusha injini. Basi kosa limekaa mahali mkono wako ulipopita, na hapo ndipo pa kutafuta.

Anza na ethi, ule mkanda wa waya unaounganisha bloku ya injini na bodi. Hufunguliwa wakati wa kushusha, huwekwa kwenye kopo pamoja na boliti, na kopo husukumwa chini ya rafu. Weka mita ya umeme kati ya bloku na ncha hasi ya betri, mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi ni mbovu au haipo. Kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, ufunge. Magari mengi yanayotangazwa kuuzwa "kwa spea" yalihitaji kukwanguliwa hivyo tu.

Halafu koili. Ford wa miaka ile walipitisha umeme wa koili kwenye waya wenye ukinzani, ili injini ikishawaka koili ipate volti 7 hadi 9 hivi badala ya 12. Wakati wa kupiga stata inafunguka njia nyingine, na koili inapata umeme wote uliopo kwenye betri. Kwa hiyo gari likishika stata inapozunguka, kisha likazima mara tu unapoachia ufunguo, usiguse plagi wala usitukane kabureta. Ule waya wa ukinzani umekatika, au hukuurudisha. Na angalia koili uliyonayo: ya omu 1.5 ndiyo ya mfumo huu. Ya omu 3 inataka volti 12 kamili. Ukizichanganya, ama utapata cheche dhaifu ya njano, ama koili itachemka na pointi za distribyuta zitaungua.

Panapowatoa watu jasho zaidi ni mpangilio wa kupiga, yaani silinda ipi ipate cheche kwanza na ipi ifuate. Injini ya Kent iliyokuwa kwenye Escort nyingi hupiga 1-2-4-3. Wengi huing'oa na kuweka Pinto ya lita 2, nayo hupiga 1-3-4-2. Fundi wa haraka anazikariri namba na kusahau mwelekeo. Zifuate 1-3-4-2 kinyume na rota ya distribyuta inavyozunguka, na waya wa 2 na wa 3 zitakuwa zimebadilishana. Gari litakohoa, litatikisika, litatema moto kwenye kabureta, na kamati itapata nguvu mpya. Ondoa kifuniko, zungusha krenki, uone rota inaelekea wapi kwa macho yako mwenyewe.

Kisha taimingi, na hapa nakusihi usikimbie. Chomoa waya mkubwa wa koili. Ng'oa plagi ya silinda ya 1, ile ya mbele upande wa feni. Ziba tundu kwa kidole gumba, mwenzako azungushe krenki polepole kwa spana kwenye boliti ya puli. Mwanzoni hakuna kitu. Halafu hewa inaanza kukisukuma kidole, inakaza, inapenya pembeni kwa mluzi mwembamba wenye harufu ya oili. Hapo hapo linganisha alama ya puli, na uhakikishe rota inatazama waya wa 1. Krenki huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa distribyuta, kwa hiyo alama ya puli hulingana mara mbili pia, na mara moja kati ya hizo inakudanganya. Kidole hakidanganywi.

Likiwaka, malizia kwa taa ya taimingi, kisha shughulikia makaratasi siku hiyo hiyo. DVLA, wasajili wa magari, lazima waelezwe kwamba injini imebadilika, kwa kuwapelekea kitabu cha gari, V5C, na ushahidi kama risiti. Gari likishatimiza miaka 40 na kusajiliwa kundi la kihistoria, halilipi zile pauni 12.50 kwa siku za ULEZ, ada ya London kwa magari yanayochafua hewa, iliyofika Ilford Agosti 2023. Namba ya injini isome kwenye bloku yenyewe kwa tochi na brashi ya waya, uilinganishe na ya kwenye risiti kabla hujatia bahasha gundi.