Lipu Mbili za Nyumba ya Mama

Nyumba ya mama iko Mji Mkongwe wa Bagamoyo, uchochoro mmoja nyuma ya Mtaa wa India. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, nene kiasi kwamba ukilaza mkono dirishani kuanzia kiwiko, ncha ya kidole haifiki nje. Dari ni boriti za mikoko, na vyumba vyote ni vyembamba kwa kuwa urefu wa boriti ndio ulioamua upana wake.

Lipu ya nje ilipoanza kupukutika, mama alitaka aitwe mtu wa chokaa. Mimi nilitaka kazi ya mara moja. Fundi niliyemleta kutoka Dar alinionyesha picha kwenye simu: lipu ya saruji, mawe ya urembo hadi usawa wa kiuno, rangi ya mafuta juu yake. Haitapitisha hata tone, alisema. Mama alikuwa barazani anachambua mchele. Akauliza bila kuinua uso, "Na maji yaliyomo ndani, mwanangu, yatatokea wapi?" Hakuna aliyemjibu, na saruji ikapigwa.

Masika yakaingia. Chumba cha mama kikaanza kunuka kama kisima, kanga zake zikaota ukungu kabatini, na juu ya kitanda ukuta ukatoa unga mweupe. Niliuonja kwa ncha ya ulimi: chumvi. Usiku mmoja wa Mei kipande cha lipu kikubwa kama mlango kikaanguka barazani, pale pale anapokaa kila asubuhi. Mama alitoka na tochi, akatazama, akasema tu, "Alhamdulillahi, usiku."

Sikulala. Nani pwani hii amesahau tarehe 25 Desemba 2020, upande wa Beit al-Ajaib kule Unguja, jumba la mwaka 1883, ulipoporomoka na watu wawili wakafa? Nyumba yetu si jumba la sultani, lakini ndani yake analala mama yangu.

Kulipokucha nikamfuata mwashi mzee aliyemtaja mama tangu mwanzo. Alizunguka nyumba akigonga ukuta kwa vifundo vya vidole. Palipolia kavu alisogea, palipolia kama ngoma alichora msalaba kwa mkaa. Upande wa barabarani ukajaa misalaba. Akabandua kipande, akakigeuza mbele yangu: nyuma yake kulikuwa na ganda la jiwe letu wenyewe, limechunwa pamoja na saruji.

"Jiwe hili linakunywa maji ya ardhini," aliniambia, "halafu linayatoa jasho. Chokaa huliacha litoe jasho. Wewe umeliziba, mwanangu, maji yakapanda juu kutafuta njia." Akachukua msumari, akausukuma kwa kidole gumba kwenye kichwa cha boriti kilichozama ukutani. Ukaingia wote, bila nyundo.

Boriti mbili zilibadilishwa. Kubambua saruji kulichukua siku tisa, kwa patasi ndogo, ili mawe yasipasuke. Gumu zaidi likaja baadaye: kusubiri. Ukuta ulibaki uchi kiangazi kizima ukauke. Mwashi alinituma Kaole, kilomita chache tu kusini, nikatazame kuta za msikiti wa karne ya 13, nipapase chokaa iliyobaki kwenye mawe yake. Nilikaa pale hadi alasiri.

Uani tukachimba shimo, tukatia mawe ya chokaa yaliyochomwa na kuyamwagia maji. Yakatokota bila moto, mvuke ukapanda hadi usawa wa mwembe. Uji ule ulilala wiki nyingi chini ya maji kabla ya kuguswa. Mwashi alitomea mashimo kwa vijiwe, akapiga lipu tabaka jembamba juu ya jembamba, akatundika magunia mabichi mbele yake, maana chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa na ikikaushwa na jua hupasuka. Wenye nyumba za mawe, nawasihi: ulizeni maji yatatokea wapi kabla hamjauliza bei.

Mvua ya kwanza ya vuli ililowesha ukuta ukawa wa kijivu. Kesho yake, adhuhuri, weupe ulianza kurudi kutoka juu, ukashuka taratibu hadi chini ya dirisha. Mama alikuwa ameshatandika mkeka barazani, ameuegemeza mgongo ukutani.